Masweta Yenye Mkono Mmoja Mrefu

Ukipita nje ya nyumba yao mchana ulikuwa unasikia kra-kra, kra-kra, unajua Mama Sweta yuko kazini. Mashine yake ya kufumia ilikaa sebuleni, pale ambapo majirani wameweka kabati la vyombo. Shule zikikaribia kufunguliwa, watoto walipanga foleni mpaka mlangoni wakisubiri kupimwa kifua, na aliyeshika tepu ni binti yake. Walimwita Kimya, na hata hilo jina hakuwahi kulilalamikia.

Kimya alikuwa na kovu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, chai ya moto ilimmwagikia akiwa mdogo. Kwa hiyo sweta lake mama alilifuma tofauti kidogo. Mkono wa kushoto uliuzidi wa kulia kwa vidole viwili, ufunike kovu. Hakuna aliyewahi kugundua, na wao wenyewe hawakuwahi kulizungumza.

Siku moja akaja mwenye duka la sare. Watu walimwita Bosi Pole, maana hata ukimwambia umepata mtoto atakwambia pole.

"Mama Sweta, nafikiria unifumie ya shule nzima," akasema. "Nipe moja tu nikawaonyeshe wenzangu."

"Leo sina lililokamilika."

"Hilo la binti linatosha. Safi kabisa."

Mama akamtazama Kimya. Kimya alitaka kusema habari ya mkono, lakini mbele ya mgeni ulimi ukamgandia. Akalivua, akalikunja vizuri, akampa.

Mama akaamini. Akiba yake yote akanunulia nyuzi za bluu, zikajaa mpaka uvunguni mwa kitanda, akangoja jibu.

Jibu halikuja. Ilikuja meli. Duka la Bosi Pole likajaa marobota, masweta ya bluu kila moja na mfuko wake wa nailoni, na bei yake ilikuwa chini kuliko hata hizo nyuzi peke yake.

"Kwani huko wanafumia mate?" mama mdogo wa Kimya akauliza alipokuja kuwatembelea.

"Wana mashine kubwa kama nyumba," mama akasema. "Mimi nina hiki kiwiko."

Wateja wakakauka. Mama akashusha bei, akashusha tena, mpaka ikawa anafuma bure. Fundi wa mtaa wa pili akauza mashine yake kwa wanunua vyuma chakavu. Mama alikaza roho, lakini kodi ya nyumba ilipomkaba, watu wawili wakaja na mkokoteni wakaibeba ya kwake. Aliwasindikiza hadi barabarani akiwaambia waishike taratibu, utadhani wamebeba mgonjwa.

Shule ilipofunguliwa, darasa zima walikuwa wanakunja mkono wa kushoto wa sweta.

"Huko ng'ambo watu wana mkono mmoja mrefu, eti?" mmoja akasema, wenzake wakacheka.

Kimya alitazama. Vidole viwili, kila mtoto. Wenye kiwanda huko ng'ambo walipelekewa sweta lake, wakalipima, wakalifuata kama lilivyo. Nani angewaambia? Akauficha mkono wake chini ya dawati.

Alipomweleza mama jioni, mama alicheka mpaka akajishika mbavu. "Yaani kovu lako, mwanangu, wamelivisha shule nzima." Akaendelea kucheka, kisha Kimya akaona mabega yanatikisika na hakuna sauti inayotoka.

Haikupita wiki, Bosi Pole akamwita. "Pole sana, dada. Wazazi wananipigia kelele. Kaa hapo nyuma uwapunguzie hiyo mikono, nitakulipa kwa kila mmoja." Alichotaja hakikufika hata nauli, lakini mama alikaa. Kimya akitoka shule alikwenda kumsaidia kufumua.

Ulipokuja mzigo wa pili, mafundi wote wa masweta walikuwa wameshaacha kazi. Bei ikapanda, na mikono ilikuwa vilevile.

Baba mmoja akaingia na mtoto wake wa darasa la kwanza. Akaigeuza karatasi ya bei mara mbili.

"Bosi, mbona imepita hata ile ya Mama Sweta?"

"Pole, mzee. Kuna meli, kuna ushuru, kuna pango, kuna fundi wa kurekebisha. Na mimi nami nile."

"Basi narudi kwa Mama Sweta mwenyewe."

"Huyo hapo nyuma."

Yule baba akachungulia, uso ukamchangamka. "Kumbe upo, mama! Mfumie huyu moja basi, tuachane na bei za huyu bwana."

Mama akashusha sindano. Kimya akatazama sakafu.

"Mashine niliuza, kaka," mama akasema. "Ila ukishalinunua lilete, nimpunguzie mkono."

Yule baba akachukua sweta moja la bluu. Akamshika mtoto wake bega, akaenda kulipa.