Mto Unaporudi Nyuma

Mjukuu wangu ni mhandisi. Ndiye aliyechora mtambo mpya wa maji ya kunywa na ule wa majitaka, yote miwili kwenye mto wetu. Ijumaa, siku tatu kabla ya ufunguzi, alinipeleka nikaione. Alinivua viatu mwenyewe, akanishika mkono kwenye mawe.

"Bibi, maji tunayavuta hapa juu. Machafu yanatokea kule chini. Hayakutani kamwe."

"Na kiangazi?"

"Yanapungua tu. Tulipima miezi minne."

"Miezi ya mvua hiyo."

Akacheka. "Bibi, unataka kuniachisha kazi?"

Nimefua nguo kwenye mto huu tangu sijaolewa. Kiangazi, wakifunga lango la bwawa kule chini, maji hujaa, husimama, kisha huanza kurudi. Povu la sabuni yetu lilikuwa likitufuata juu. Wafuaji wote tulijua, na hakuna mpimaji aliyetuuliza.

Lango lilikuwa na siku mbili limefungwa. Nilimenya chungwa, nikatupa ganda majini. Lilitulia kidogo. Halafu likaanza kupanda, taratibu, mpaka likanasa kwenye wavu wa bomba la kuvutia maji.

Mjukuu wangu aliliangalia. Kisha akampigia mkubwa wake simu, akamweleza yote. Sauti ya yule mzee niliisikia vizuri.

"Mwanangu, zege limeshakauka. Ongeza klorini, tia sahihi."

"Klorini haitatosha, mzee. Mtambo nimeupangia maji ya mto, sikuupangia ya choo. Sitii sahihi, na naomba mashine zizimwe."

"Basi kapumzike. Atatia mwenzako."

Yule mzee hakufoka hata kidogo. Alimpa na salamu za nyumbani, kisha akakata simu.

"Zimeanza lini hizo mashine?" nikauliza.

"Jana asubuhi, mitambo yote miwili. Majaribio." Alinivisha viatu upesi. "Tumefungulia maji nyumba za mlimani."

Tulipanda mlima kwa haraka ambayo magoti yangu hayakuizoea. Kwenye nyumba ya kwanza mama mmoja aliniona nahema. Kabla hatujasema neno alinipisha kiti chake, akaingia ndani, akatoka na bilauri iliyojaa, ameishika kwa mikono miwili.

"Pole, bibi, kunywa kwanza. Ya bomba jipya haya. Watoto tangu jana hawataki mengine."