Ushahidi Tuliula, Afande

Aukot alikuwa mpelelezi wa siri wa serikali, na siri hiyo ilijulikana na kila mtu kuanzia Kalemng'orok mpaka Nadapal. Yeye peke yake ndiye aliyeamini kwamba haijulikani. Alitembea Kakuma katikati ya jua la mchana amevaa koti jeusi na miwani nyeusi, kigoda chake mkononi kama mwanamume yeyote wa Kiturkana, akajiona amejificha kabisa. Watoto walimsalimu, "Ejok, Serikali." Naye aliitikia, "Ejok-nooi," akidhani ni heshima ya koti.

Lakini tusimcheke sana, jamani. Mtu ameishia darasa la saba, ukame umemmalizia mbuzi, kazi ya kupakua magunia imemshinda kwa sababu ya mgongo. Halafu siku moja bwana mmoja wa ofisi kule Lodwar anamkalisha kwenye kiti cha kuegemea na kumuuliza, "Wewe Aukot unaionaje hali ya watu huko?" Nani hatalegea? Maishani mwake hakuna aliyewahi kumuuliza Aukot anaonaje. Hata mkewe Namuria hakuwa akimuuliza, alikuwa akimwambia.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Unaketi palipo na watu, unasikiliza, kisha unadandia lori hadi Lodwar kumweleza bwana yule, afande. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mwaka wa uchaguzi, na serikali ilitaka kujua kila mdomo unatafuna nini. Shida ni kwamba Mturkana hafichi habari. Akikutana na mwenzake njiani hamwachi mpaka amweleze ametoka wapi, maji yako wapi, mvua imenyesha kwa nani, na nani kagombana na mkewe. Aukot alikuwa ametumwa kuchungulia nyumba isiyo na mlango, na kwa miezi kadhaa alichungulia kwa bidii sana.

Alipeleka Lodwar habari kwamba tumbako imepanda bei. Akapeleka habari ya Kon, kinyozi Msudani wa pale kwenye kambi ya wakimbizi, ambaye wateja wake walizungumza kwa muda mrefu na kwa uchungu. Afande akauliza walizungumza nini. Aukot akasema hajui, walizungumza Kidinka, lakini uchungu aliuona kwa macho yake mwenyewe. Afande akapiga miayo.

"Aukot, hizi ni habari za wanawake kisimani," alisema. "Mwezi ujao ukiniletea tumbako tena, usirudi."

Maneno hayo yalimchoma. Alirudi Kakuma juu ya magunia ya sukari akiwaza atakuwa nani bila Lodwar. Jibu alilijua. Angekuwa Aukot tu.

Basi mwaka huo njaa ilikuwa imeshika. Watoto walitafuna makoma, yale matunda makavu ya mkoma, hadi fizi zikatoka damu. Mahindi ya msaada yalikuja, lakini yalifika pungufu, kwa sababu diwani na jamaa zake waliyageuza njiani, lori likashusha kidogo na kurudi na mengine Kitale kuuzwa. Jambo hili halikuwa siri hata kidogo. Kila mtu alilijua, na kila mtu alimwogopa diwani, isipokuwa mzee mmoja aitwaye Lokol.

Lokol alikuwa msoma matumbo. Mbuzi akichinjwa wanaume wakakusanyika, yeye ndiye aliyetandaza matumbo juu ya majani, akayafuata kwa kijiti na kuwaonyesha wenzake: hapa malisho, hapa adui, hapa ugonjwa. Watu walimwamini, na kwa kuwa walimwamini alisema alivyotaka. Alikuwa pia baba yake Namuria, yaani mkwewe Aukot. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa Lokol, kilikuwa kimevaa koti.

Siku hiyo mbuzi alichinjwa kando ya laga, ule mto mkavu, kwenye kivuli cha mgunga. Aukot alitua kigoda chake karibu kabisa, akavua miwani ili aone vizuri, akavaa tena ili asionekane. Lokol akapitisha kijiti.

"Hii ni barabara," alisema. "Hili ni lori la mahindi yetu, mnaona linavyokata kona. Na hapa damu imeishia. Huyu diwani anayeuza chakula cha watoto hatarudi kwenye kiti mwaka huu." Wanaume wakacheka. Lokol hakucheka. "Kuna wageni wanakuja kutoka Nairobi kukagua mahindi ya msaada. Wakija nitasimama niwaambie, lori kwa lori. Watoto hawatakufa nami nina mdomo."

Wanaume wakaitikia kwa sauti moja. Habari ya wizi ilikuwa imekwisha kujulikana tangu awali, ila sasa kulikuwa na ahadi: Lokol atasema, na akishasema yeye, wengine watathubutu kumfuata. Kisha matumbo yakachomwa yakaliwa, kama ilivyo desturi. Aukot alipata kipande kizuri. Alikuwa mkwe.

Ndani ya lori la kwenda Lodwar aliipima habari yake. Diwani kushindwa uchaguzi? Afande angepiga miayo. Aukot akaongeza chumvi kidogo. Mwanzoni mwa safari ungesema ni kidogo kweli, lakini njia ya Lodwar ni ndefu. Alipofika ofisini chumvi ilikuwa imezidi nyama.

"Afande," alisema, "mzee Lokol ameona kwenye matumbo ya mbuzi kwamba serikali itaanguka."

Kwa mara ya kwanza afande aliketi wima. Akaagiza chai ya maziwa na mandazi, si yake, ya Aukot. Akauliza jina mara mbili. Kisha akasema ushahidi huo ni mzito, na ungehitajika mahakamani.

"Hayo matumbo yako wapi?"

"Tuliyala, afande."

Afande akaiweka kalamu chini. "Mlikula ushahidi?"

"Ndiyo desturi, afande. Yakishasomwa yanaliwa."

"Na wewe ulikula?"

"Kipande kidogo tu," alisema Aukot, na hapo alisema uongo wa pili siku hiyo.

Alirudi Kakuma kifua mbele. Mungu wangu, jinsi alivyojiona! Alidhani habari zikifika Lodwar hulazwa kwenye faili, faili hulazwa kabatini, na kabati hufungwa, basi. Hakuna aliyemwambia kwamba faili huwa na miguu.

Land Rover ya polisi ilikuja asubuhi wakati Lokol anakunywa maziwa kwa binti yake. Kosa lake, walisema, ni kueneza uvumi na kutisha wananchi. Lokol aliomba achukue kigoda chake, wakamkatalia. Namuria alilia akiwa amesimama, hakukimbia wala hakupiga kelele. Aukot alikuwa nyuma ya nyumba, amevua koti. Alisikia haya ikimpanda tangu miguuni, na akajua hana pa kuipeleka.

Ilibidi aende Lodwar. Hilo tumpe. Alipanda lori lile lile akajipangia maneno njia nzima, na maneno yalikuwa mazuri, ya kiume. Alimkuta afande akisoma gazeti.

"Afande, ile habari ya Lokol nilitia chumvi. Mzee alimsema diwani tu, na mahindi."

Afande hakukasirika. Alikunja gazeti taratibu. "Yaani ulinidanganya."

"Ndiyo, afande."

"Kuidanganya serikali ni kosa. Lazima mtu akae ndani. Sasa niambie wewe mwenyewe, nimtoe yeye nikuweke wewe?"

Aukot alilitafuta jibu la kishujaa. Alilitafuta kwenye kile kiti cha kuegemea, akalitafuta dirishani, akalitafuta kwenye vidole vya miguu yake. Jibu likakataa kuja. Mwishowe alisema, "Afande, naomba maji ya kunywa." Akapewa maji, akayanywa yote, akaaga.

Lokol alikaa ndani wiki nyingi. Aliporudi alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya shuka. Hakumlaumu mtu. Mbuzi akachinjwa kumkaribisha, wanaume wakatua vigoda vyao, matumbo yakatandazwa, na kijiti akapewa yeye. Aliyatazama kwa muda.

"Huyu ni mbuzi," alisema. "Leteni moto."

Aukot ndiye aliyekuwa amekaa karibu zaidi, na hakuna aliyemtazama.

Tangu hapo mji ulibadilika. Akikaribia watu, mazungumzo yaligeuka yakawa ya afya ya ngamia. Mwingine akimwona alipaza sauti, "Serikali yetu nzuri sana, Aukot, kapeleke hiyo." Hata zile habari za njiani zilikauka. Mtu aliyetoka Lopur akiulizwa kuna nini huko, alijibu kuna Lopur. Nyumbani Namuria alimpa chakula kilipokuwepo, akamwita Baba Ekai kwa adabu zote, na hakumwambia lolote. Aukot, ambaye zamani alichoka kuambiwa, sasa angetoa koti lake aambiwe tena.

Alikwenda kunywa chai kambini kwa Nyachuol, mama wa Kisudani mwenye kibanda karibu na kisima, akidhani wageni labda hawajui mambo yake. Nyachuol alimmiminia chai, akamwangalia.

"Kwetu kulikuwa na watu kama wewe," alisema kwa Kiswahili chake. "Mingi sana. Kwanza watu naogopa kusema. Halafu mtu mbaya nafanya kitu mbaya, hakuna mtu nasema. Ndio maana mimi iko hapa nauzia wewe chai."

Aukot akauliza kama kuna sukari. Nyachuol akasema iko, akamsogezea.

Usingizi ulimhama. Mwishowe alikwenda Lodwar mara ya mwisho, akaiweka miwani juu ya meza ya afande na kusema mgongo unamsumbua, kazi haiwezi tena. Afande akamwambia afunge mlango akitoka. Hivyo Aukot aliiacha kazi kwa siri kama alivyoianza. Tofauti ni kwamba siri hii ya pili ilikuwa siri kweli. Alimwambia Namuria, Namuria akasema, "Sawa." Alimwambia jirani yake Aregae, Aregae akasema serikali ni nzuri sana.

Wageni wa Nairobi wakaja. Baraza likaitwa, viti vikapangwa mbele, polisi wakasimama kando, diwani akaketi pamoja na wageni amevaa suti ya kijivu. Uwanja mzima ulijaa, wanawake na watoto wao wenye matumbo yaliyovimba na miguu myembamba. Mkuu wa wageni, mama mwenye sauti ya upole, alieleza idadi ya magunia iliyotumwa Kakuma. Watu waliisikia idadi ile wakatazamana, kisha wakaacha kutazamana.

"Kama kuna tatizo lolote semeni," alisema yule mama. "Tukisikia kuna wizi, tutalibadilisha shirika linalogawa, hata wiki hii. Lakini lazima tusikie kutoka kwenu. Mzee yeyote?"

Macho yakamwendea Lokol. Yalimwendea polepole, kwa matumaini yaliyobaki. Lokol aliinama akachora mchangani kwa kidole.

Aukot alimwona mwanawe Ekai mgongoni mwa Namuria, kichwa kimelala upande, mkubwa wa kutosha kutembea na hana nguvu za kutembea. Kabla hajajua, alikuwa amesimama. Jibu la kishujaa, lililomkataa Lodwar, lilikuja lote.

"Mama, mahindi yanaibwa," alisema. "Nusu inarudi Kitale na lori lile lile lililoyaleta. Huyo diwani aliyekaa kando yako ndiye anayeyauza. Watoto wetu wanatafuna makoma. Waulize watu hawa wote, kila mmoja anajua."

Diwani alitoa leso akajipangusa shingo. Yule mama akasimama.

"Ni kweli anavyosema?" aliuliza. "Nani mwingine ameona?"

Aregae akatazama viatu vyake vya tairi. Wanawake wakawafunika watoto nyuso kwa khanga, ingawa jua lilikuwa nyuma yao. Yule mama akamwelekea Lokol kwa heshima, akamwomba yeye aseme. Lokol alisimama kwa shida. Alimtazama Aukot uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu atoke ndani, akalitazama koti jeusi, akatazama mahali polisi waliposimama.

"Tunaishukuru serikali," alisema, akaketi.

"Tunashukuru," wakaitikia wengine, mmoja mmoja, kisha wote.

Wageni wakaandika kwamba malalamiko yalikuwa ya mtu mmoja. Diwani akawasindikiza hadi kwenye magari, akicheka kwa sauti, na lori la mahindi lililokuwa likingoja kando likawashwa likaelekea kusini, njia ya Kitale, bila kufunguliwa turubai.

Aukot alimfuata Namuria njia ya nyumbani. Hakuwa na hasira na Lokol, wala na Aregae, lakini huyu alikuwa mkewe, na mtoto alikuwa wao.

"Hata wewe, Namuria," alisema. "Mtoto yuko mgongoni mwako, na hukunyanyua hata mkono."

Namuria alisimama akampandisha Ekai vizuri mgongoni. Alimtazama mumewe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kitu akiwa amechelewa.

"Nilidhani umetumwa," alisema.