Kila Mmoja na Pasi Yake

Kwa mambo ya pamba, Muhsina bint Thabit humdanganyi. Atachomoa uzi kwenye pindo la fulana, atauchoma kwa kiberiti, ataunusa, na ukinuka plastiki basi mwenye duka atafute pa kuuweka uso wake. Hiyo ndiyo kazi yake katika ofisi moja ndogo ya Bawshar, huko Uarabuni: kampuni ya nguo ikijitia inaipenda dunia, yeye hutumwa akaulize inaipenda vipi, na nani anayeumia kwa mapenzi hayo. Miaka kumi na moja, na hajatia sahihi jambo asilolishika kwa mkono wake. Alijisifu kwa hilo waziwazi, mpaka wenzake wakamchoka.

Basi alipopewa kuikagua kampuni ya Jawaher hakuona haya, ingawa walisoma darasa moja na majumbani kwao wote Kiswahili cha Unguja na Kiarabu vinapikwa chungu kimoja. Jawaher alishonesha nguo za wanawake za kila siku: fulana, shimizi, chupi, suruali za kulalia, zote za pamba ya kilimo hai, rangi zake za majani na udongo. Maduka makubwa ya nchi jirani yalikuwa tayari kuzichukua kwa sharti moja tu, cheti kutoka ofisini kwa kina Muhsina.

"Nikague unavyotaka, shoga," Jawaher alimwambia. "Mie sina cha kuficha. Chupi hizi ningemvisha hata bibi yangu, Mungu amrehemu." Wakacheka wote wawili.

Muhsina alishinda kutwa nzima Sib, kwenye nyumba moja nyuma ya soko yenye cherehani nane na mafundi wanane, wanawake wote, wote kutoka Tanzania bara. Alipekua karatasi za pamba tangu shambani ilikovunwa. Alipima maji yanayomwagwa baada ya kutia rangi. Mlango wa dharura aliusukuma kwa mguu wake mwenyewe aone kama unafunguka kweli. Ikabaki sehemu ya mwisho, ya wafanyakazi, na hiyo ndiyo iliyofanya ofisi imchague yeye, kwa kuwa anajua lugha yao. Hapana mkalimani, hapana mtu wa katikati wa kupindisha maneno. Hata Jawaher alimtoa nje. "Kakae garini, wala usinichungulie dirishani," akamwambia, na Jawaher akatoka amenuna.

Aliyekaa naye alikuwa Pelagia, kiongozi wa mafundi, mama wa makamo kutoka Bukoba, mpole, tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Muhsina alimuuliza saa za kazi, mapumziko, chumba wanacholala, chakula. Akafika kwenye swali zito kuliko yote, lile ambalo jibu lake likiwa baya cheti kinakufa papo hapo.

"Pasi zenu, mnakaa nazo wenyewe?"

"Ndiyo, madamu," Pelagia akajibu bila kusita. "Kila mmoja na ya kwake."

"Hapana anayewachukulia? Bi Jawaher hazifungii?"

"Aa, azifungie za nini? Tunazo hapahapa tunapofanyia kazi."

Muhsina alifurahi kwa moyo mkunjufu, maana kwa viwanda alivyozoea kukagua jibu hilo hulisikii mara nyingi. Kila kitu siku ile alisema "nionyeshe," isipokuwa hicho kimoja. Aliona aibu kumtaka ushahidi mtu mzima aliyemjibu kwa Kiswahili kisicho na doa. Akaandika kwamba pasi ziko mikononi mwa wafanyakazi, na kwamba wamelithibitisha hilo faraghani, bila mwajiri kuwapo. Kampuni ikapata tisini na nne kwa mia, na cheti chake.

Miezi miwili ikapita. Jumapili moja adhuhuri, siku ya kazi huko, Muhsina yuko mezani kwake ofisini, simu ikalia. Alikuwa Pelagia, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia.

"Dada, samahani, namba uliniachia siku ile ya ukaguzi, na sina mwingine wa kumpigia. Mama yangu yuko mahututi. Kaka yangu Leodegar anasema kama nataka kumkuta, nipande ndege leo au kesho. Nisaidie kumwomba bosi anipe pasipoti yangu. Amesema mpaka mzigo wa Idi utoke."

"Akupe nini tena? Pasi si unayo mwenyewe?"

"Pasi ninayo. Nasema pasipoti."

"Pasi gani uliyonayo, Pelagia?"

"Ya kunyooshea nguo, dada. Ile ya mvuke. Si ndiyo uliyoniuliza siku ile? Hata mimi nilishangaa, nikasema labda siku hizi mnakagua na umeme."

Lahaula! Kwa kina Muhsina, pasi ni kile kitabu chenye picha yako na mihuri. Ndivyo alivyosema bibi yake, aliyekuja nayo kutoka Unguja ameibana kwapani, na ndivyo walivyosema watoto na wajukuu baada yake. Kile cha kunyooshea kanzu tangu yeye anazaliwa nyumbani kinaitwa makwa, kwa Kiarabu. Nje ya nyumba zao nani anayejua hayo? Ofisi ilimtuma mjuzi wa lugha, na mjuzi akaenda kuwauliza mafundi wa cherehani kama wana pasi za kupigia nguo, akawapa maksi.

Alilijua la kufanya, tusimtetee. Ilikuwa awaandikie wale wenye maduka kwamba swali liliulizwa vibaya, pasipoti anazo mwajiri, cheti kisimamishwe. Jawaher angezitoa zote nane kabla ya magharibi, maana bila cheti hauzi hata soksi. Akafungua kompyuta, akaandika maneno mawili matatu, akayafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Chini ya barua ile lingekaa jina lake, na kila mtu wa kazi yake angesoma kwamba Muhsina, yule mchoma nyuzi, mkali wa watu, hakujua kuuliza pasipoti kwa Kiswahili. Aliona haya, na haya zake akazitanguliza mbele ya mama wa mtu anayekata roho.

Badala yake, Jumatatu alikwenda nyumbani kwa Jawaher kuyamaliza kimyakimya.

"Mpe yule mwanamke pasi yake akamwone mama yake."

"Nimpe aende, halafu asirudi?" Jawaher alikuwa akimmiminia kahawa. "Nna mzigo wa Idi, Muhsina. Fundi wa mikono kama ile n'tampata wapi wiki hii?"

"Sheria ya nchi inakataza kuzishika, na wewe unajua."

"Inakataza, najua. Na wewe umeandika kuwa sizishiki. Basi sizishiki!" Akaweka kikombe mbele yake. "Karatasi yako nimeitia fremu, iko dukani, watu wanaipiga picha. Unataka nani aonekane muongo, mie au wewe?"

Muhsina alibembeleza, akataja thawabu, akataja radhi za wazee. Jawaher akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Alhamisi nakabidhi mzigo. Alhamisi pasi uje uichukue wewe mwenyewe umpelekee, wallahi sikughilibu. Siku tatu tu. Na wewe mdomo wako uufunge."

"Haya," Muhsina akasema. Akanywa na ile kahawa.

Garini alimpigia Pelagia. "Alhamisi, inshallah. Nimemsemesha, amekubali."

"Alhamisi mbali, dada. Anapumua kwa shida. Hakuna kitu kingine unachoweza kufanya wewe?"

"Sina uwezo zaidi ya hapo," Muhsina akasema, na huo ulikuwa uongo mtupu.

Jumanne alfajiri mama akafariki. Jumatano wakamzika migombani, nyuma ya nyumba yake, na mwanawe Pelagia akaangalia maziko kwenye simu, picha inakwama, inaruka, inakwama tena. Kwenye cherehani ya jirani yake shimizi za Idi zilikuwa zinaendelea kushonwa.

Alhamisi Muhsina aliichukua pasipoti kwa Jawaher, akaenda nayo Sib. Alipoingia hakuna aliyeinua kichwa. Conjesta, fundi mwenzake Pelagia, alikuwa na kiti kitupu karibu yake. Akakivuta, akakiwekea nguo juu.

"Pole sana, Pelagia," Muhsina akasema. "Mungu akupe subira."

"Asante." Pelagia aliipokea pasipoti kwa mikono miwili, kama walivyomlea, akaiweka mezani bila kuifungua. Machozi yalikuwa yamemwishia. "Dada, wewe kazi yako si kuandika? Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba siku ile hatukuelewana. Kwamba pasipoti zetu anazo bosi. Kwamba mama yangu amekufa Jumanne na ya kwangu nimepewa leo. Halafu utie sahihi."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Muhsina alitazama mlangoni, akatazama nyuso zile nane, akatoa kalamu. Aliandika amesimama, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Alipotia sahihi alijiona, hata wakati ule, kwamba anafanya jambo la ushujaa.

"Ukiipeleka hii kwa wenye maduka," akasema, "cheti kinasimamishwa, na wenzako wote wanarudishiwa pasipoti zao."

"Lini?"

"Siku hiyohiyo. Bila cheti hawezi kuuza."

"Siku hiyohiyo," Pelagia akarudia.

Aliichukua karatasi, akaisoma polepole, midomo inacheza. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna kilichoendelea huko. Hapakuwa na kitu. Akaigeuza tena mbele, akaisoma mara ya pili, kisha akamtazama Muhsina usoni.

"Kumbe ni mistari mitatu tu, dada," akasema.