Mwili Uliobaki Kazini

Ivonete alijifungia chooni akajizungushia taulo la tatu. La kwanza lilikuwa tumboni, la pili makalioni, na hili alilikunja likae nyongani, mahali ambapo nyama zake zilikaa miaka na miaka zikimlisha. Juu yake akavuta suruali mbili za kubana. Kwenye kioo, kwa mbali alikuwa yeye. Kwa karibu alikuwa furushi la dobi.

Ilikuwa Januari, na joto la Januari ya São Paulo si la mchezo, lakini kiwandani kwa Dona Mirtes walikuwa wanashona makoti. Nguo za baridi hushonwa kiangazi. Anayengoja baridi ifike amekwishachelewa. Ivonete akatoka chooni polepole, kwapa zikimtiririka, akapanda juu ya kisanduku cha mbao karibu na dirisha.

Kazi yake ilikuwa kuvaa. Basi. Dona Mirtes alishona nguo za wanawake wanene, na kabla ya kukata saizi hamsini na nne za kuuza nchi nzima, ya kwanza ilijaribiwa kwa Ivonete. Alisimama, akaketi, akainua mikono, akasema hapa panabana, hapa panapanda nikiinama. Barabarani unene wake ulikuwa kichekesho cha kila mpita njia. Juu ya kisanduku kile ulikuwa na mshahara, na mshahara ule ndio uliolipa chumba alichoishi na mama yake mzee.

Valdelice, fundi wa kukata, alikuja na pini zimemjaa mdomoni. Walikuwa marafiki tangu siku za ujana. Akabana kitambaa nyongani, akapitisha pini. Ivonete kimya. Akachoma tena. Kimya. Valdelice akazitema pini kiganjani.

"We shoga, nimekuzamishia pini nzima. Huna damu?"

"Fanya kazi yako, Val."

"Umejaza nini humu?"

"Nakuomba. Kwa ajili ya mama."

Valdelice akamtazama, akarudisha pini mdomoni, akajifanya haoni. Lakini joto halina urafiki na mtu. Tangu asubuhi Ivonete alikuwa amekula vijiko vitatu vya boga la kuponda, kwa sababu tumbo aliloachiwa na madaktari halikuzidi ngumi ya mtoto. Mwenye kiwanda alipoingia na manukato yake na kusema, "Hebu geuka, mwanangu," Ivonete aligeuka na chumba kikageuka naye. Akashika dirisha. Taulo likateleza, likachungulia chini ya koti, likaanguka.

"He!" Dona Mirtes akapiga makofi. "Jamani, njooni muone, Ivonete anazaa taulo!"

Cherehani zilinyamaza, kisha kicheko. Wengine walicheka kwa sababu bosi alicheka. Ivonete naye alicheka kidogo, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

"Umependeza mpaka nakuonea wivu," Dona Mirtes akasema. "Mbona unajificha?"

"Nilitaka kazi iende."

"Kazi itaenda. Nileteeni Ivonete kutoka stoo."

Wanaume wawili wakaenda wakamleta.

Ilikuwa sanamu. Ivonete alikuwa kwenye foleni ya hospitali ya umma miaka sita akingoja operesheni ya kupunguza tumbo, sukari ikipanda, magoti yakilia, pumzi ikimkatika usingizini mpaka mama yake akawa anamtingisha. Foleni ilipomfikia, Dona Mirtes hakukataa kumpa ruhusa. Alinunua keki. Akamwita fundi wa plasta, akasema, "Tukutengeneze, tukukumbuke ulivyokuwa." Ivonete alisimama nusu siku na chupi tu, amefungwa vitambaa vya plasta vilivyolowa, akicheka kwa baridi. Alijiambia kwamba bosi anayetaka kukukumbuka hawezi kukutupa. Hakuomba malipo, nani huomba malipo ya kupendwa?

Sasa alijiona. Haikuwa na kichwa wala mikono, lakini titi la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, kama lake. Mgongoni palikuwa na mkunjo wa nyama ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuuona. Shingoni waliandika IVONETE. Wakamvua koti, wakalivisha lile jitu, likakaa sawasawa.

"Unaona? Huyu hatoki jasho."

"Na mimi, Dona Mirtes?"

"Wewe una afya! Hilo ndilo la maana."

"Bado mimi ni mnene. Nina saizi arobaini na nane."

"Arobaini na nane wamejaa barabarani, tena wasichana. Usinielewe vibaya, mwanangu. Mimi sikukuajiri wewe. Niliajiri hamsini na nne."

"Basi nifunge mizigo. Nifagie."

"Na magoti hayo? Nenda kapone. Nitakuita." Akambusu mashavu yote mawili.

Fadhila za punda ni mateke. Lakini punda, masikini, hakubusu kwanza.

Ivonete alitafuta kazi. Zamani walimwambia ni mnene mno kukaa mapokezi, kiti hakimtoshi. Sasa ngozi ya shingo ilining'inia, uso umeshuka, na mwanamke mmoja mwenye duka la dobi alimuuliza mlangoni, "Samahani dada, unaumwa nini?" Kliniki, kwa upande wao, walimpigia makofi. Nesi alimsimamisha mbele ya wagonjwa wengine awe mfano. Ale samaki, ale kifua cha kuku, asikose vitamini hata siku moja. Vitamini zilikuwa za kununua. Hakuna aliyeuliza atazinunua na nini. Nyumbani kulikuwa na mchuzi wa maharage na unga wa muhogo.

Aprili, akiwa anaosha vyombo, kitu kikamchoma nyonga ya kushoto.

"Ai!"

Akapapasa. Hapakuwa na kitu, ila ngozi iliyolegea. Baadaye kidogo, chini ya titi. Kisha begani, mara tatu mfululizo. Mama akasema ni neva, akamchemshia majani. Lakini neva gani zinapumzika saa ya chakula cha mchana? Neva gani hazichomi Jumapili? Ivonete alianza kujua kule kiwandani wanashona nini juu ya ile sanamu: leo mikono, leo ukosi, leo pindo. Hakumwambia mtu. Angesemaje? Kwamba yuko kazini kila siku, na halipwi?

Juni, Valdelice alibisha hodi akiwa amekumbatia sanduku la vyakula, lile ambalo matajiri huwapa wafanyakazi wao. Aliliweka mezani, hakuketi.

"Makoti yamerudishwa, shoga. Wateja wanasema wakikaa yanawakaba. Ile sanamu haikai, haisemi, utajuaje?"

"Kwa hiyo ananirudisha?" Ivonete alishika ukingo wa meza.

"Anamtaka Ivonete." Valdelice alitazama sakafu. "Yule wa zamani. Anasema watu wengi baada ya operesheni hurudi walivyokuwa. Anasema wewe ujitahidi tu, atakungoja mpaka nguo za kiangazi. Mjumbe hauawi, Ivonete. Nina watoto."

"Sikuui. Nenda, utachelewa."

Alipoondoka walifungua sanduku. Mchele, sukari, mafuta, biskuti, tambi, na chini kabisa makopo ya maziwa mazito matamu. Juu ya makopo palikuwa na utepe wa kupimia wa kiwandani, na pini imechomekwa kwenye kipimo cha nyonga yake ya zamani.

Mama yake aliangalia ile pini, kisha akaangalia mlango. Mwenye nyumba alikuwa amesema kodi ilipwe mwisho wa wiki hii au watoke, na hakuwa mtu wa kurudia maneno.

"Nesi alisema sukari itakurudisha kule kule," mama akasema taratibu. "Kwenye sindano."

"Alisema."

Ivonete alijua mchele na tambi vingemkwama kifuani. Maziwa yangeteleza. Akatoboa kopo, akanywa kijiko, kijiko, kijiko. Haikuchukua muda, tumbo dogo halipokei sukari nyingi kwa mpigo. Moyo ulianza kukimbia, jasho likamtoka mpaka viganjani, akalala sakafuni na shavu kwenye saruji akingoja hali ile ipite. Mama alimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Ilipopita, akainuka, akanywa tena.

Kisha akasimama katikati ya chumba, mikono juu, kama alivyozoea. Mama alipiga magoti kwa shida, akamzungushia utepe nyongani. Ncha zilikutana mapema. Pini ilibaki ikining'inia hewani, mbali na mwili.

"Ai!" Ivonete akashtuka.

"Nimekuchoma?"

"Si wewe, mama."

Mama alivuta utepe, akautazama tena kwa makini, labda macho yalikosea.

"Bado," akasema, na akampa kijiko.