Dume Aliyepakwa Samli

Haya alinisimulia mama mkwe wangu, Paskazia, mwaka 1974, tulipokuwa tunachuma pamba. Yalimpata mwaka 1952 upande wa Geita, akiwa bado mke mpya wa Masele, mchimbaji wa mgodini.

Padre wa misheni aliwapa nguruwe jike mweusi mwenye mkanda mweupe mabegani, wa mbegu iliyotoka mbali. Daftarini aliandika ukoo wa nguruwe huyo mpaka bibi yake. Nyamizi, mama yake Masele, alikuwa akicheka kwamba katika boma lile ni nguruwe peke yake mwenye ukoo ulioandikwa. Misheni walibaki majike watatu wa mkanda, dume hakuna. Aliyekuwepo alikufa kwa homa baada ya kumpanda huyu. Asipozaliwa dume, mbegu ndiyo imekwisha.

Nguruwe alianza kuzaa saa nne asubuhi, Masele yuko kazini. Wa kwanza jike, wa pili dume. Paskazia akakimbia kuchota maji, furaha imemjaa.

Aliporudi alimkuta Nyamizi bandani, yeye ambaye hakupenda hata kupita pale. Alikuwa amewafuta wale wawili na kuwapaka samli kichwa mpaka miguu, kama tunavyowapaka watoto wetu. Akamsogeza yule jike kwenye chuchu. Mama yake akamnusa, akamng'ata shingoni, mtoto akafa palepale.

Paskazia alimnyakua dume akamtia kapuni. Kila aliyezaliwa baadaye alimdaka kabla mama hajageuka, wakafika watano, na dume ni yule yule mmoja. Mama anazunguka, anaguna, povu mdomoni. Nyamizi akasema huyo ni mchawi, achinjwe.

Saa nane watoto walikuwa wanatetemeka kwa njaa. Paskazia akathubutu kumrudisha mmoja asiyepakwa. Mama akanusa, akalala, akamwachia chuchu. Hapo akaelewa.

Kumkaripia mama mkwe hakuweza. Akasema polepole, "Mayu, mama yangu, harufu ya samli haijui. Anadhani si wake."

Nyamizi akajibu, "Basi nifundishe, mwanangu."

Wakachukua nyasi zilizolowa chini ya mama, wakamsugua dume mpaka akanuka kama banda. Wakawatanguliza wenzake, mmoja mmoja. Dume akawa wa mwisho. Mama akamnusa, akanusa tena, akafunua meno. Nyamizi alikuwa ameshika fimbo, lakini hakuinyanyua.

Mama akashusha kichwa. Dume akapenya katikati ya dada zake, akanyonya.

Jioni Masele akarudi, akaambiwa, akala, akalala. Paskazia naye alisinzia mlangoni kwa uchovu. Nyamizi alikataa kuondoka bandani mpaka tumbo la dume liwe duara. Alilipapasa, akaliona limejaa, akajinyoosha kwenye nyasi zile zile, akalala.