Mikono Iliyotulia

Fundi wa mageti aliruka juu kama mtoto aliyeona maji ya bomba yamerudi. Bendi ya shule ilikuwa uwanjani kwenye nusu fainali ya mashindano ya bendi, na mbele kabisa, kwenye ile ngoma ndogo inayotaka vidole vyepesi, alikuwa binti yake. Vijiti vilikimbizana hata wazazi wa shule nyingine wakasahau kuzomea.

"Huyo wangu huyo," alimwambia jirani yake wa benchi, ambaye hakuwa ameuliza. "Na figo aliyonayo nilimpa mimi."

Akapiga mluzi, akapiga makofi, akaitazama ile mikono. Imetulia tuli. Mluzi ukamkaukia mdomoni.

Dawa za kuilinda ile figo zilimtetemesha binti mikono. Tangu apandikizwe, kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili, na baba humtania kwamba amebeba kichanga. Mikono iliyotulia namna ile haikuwa ya mtu aliyemeza kitu.

Alimwahi binti getini, bado anahema na kucheka, wameingia fainali. Baba akamuuliza dawa anazipeleka wapi. Kicheko kikakatika. Binti akakiri kwamba huzificha chini ya ulimi na kuzitema, na humeza siku zisizo na mazoezi tu. Na mazoezi yalikuwa karibu kila siku.

Pikipiki iliwakimbiza hospitali, binti katikati na sare yake ya vifungo vya dhahabu. Njia nzima baba aliwalaani wakubwa: wale walioiacha mashine ya kusafisha damu ikae mbovu mpaka mama wa huyu mtoto akafa naye kwa figo, wale wanaobandika mabango ya "Zingatia Dawa" ukutani wakadhani kazi imeisha.

Damu ikachukuliwa. Daktari, mama mmoja mwenye haraka, akaanza na baba: mzee, si tulikuambia umsimamie?

"Nimemsimamia. Namwona anatia mdomoni. Nimchungulie mpaka tumboni?" baba akasema. "Kila kliniki mnamuuliza anameza au hamezi. Nani amewahi kumuuliza kwa nini?"

Daktari akaweka kalamu chini. Akamgeukia binti, akamuuliza.

"Nikimeza, vijiti vinaanguka. Wenzangu wananiita Jenereta," binti akasema. "Nisipomeza siumwi popote. Nikajua figo ya baba imeshanizoea."

Majibu yakaja. Figo imeanza kugoma, lakini bado inaokoleka: alazwe, achomwe sindano za nguvu, itarudi kazini. Baba akapiga makofi kama bado yuko uwanjani. Daktari akaongeza kwamba dawa ileile ipo ya aina nyingine, ya kumeza mara moja kwa siku, na baadhi ya wagonjwa haiwatetemeshi sana. Wataijaribu.

"Kumbe ipo!" baba akafoka. "Muda wote huo mmeifungia kabatini?"

Binti hakuwa na habari na kabati. Alitaka kujua kama siku ya fainali atakuwa ametoka, na kama atakuwa na mikono. Daktari akasema kutoka huenda akatoka. Mikono hawezi kumwahidi, labda itatetemeka kidogo.

Binti akaangalia vidole vyake. Kisha akakunja mkono wa sare na kumnyooshea nesi.

"Choma, dada. Nitapiga hivyohivyo."

Baba alikuwa ameshafika koridoni, simu sikioni, maneno yakikanyagana mdomoni, anamwambia mwalimu wa bendi asithubutu kumpa mtu mwingine ile ngoma.