Mstari wa Chaki Kidato cha Tatu

Uvumi ulimganda kama uzi ulionasa kooni: kidato cha tatu wamegawana darasa kwa chaki, na atakayevuka mstari atavunjwa. Mshonaji aliusikia kwa jirani, akajidai kukanyaga cherehani, lakini mshono ukaenda upogo. Bintiye wa pekee alikuwa darasa hilohilo. Saa nne asubuhi akaliacha gauni la watu kwenye sindano, akatoka mbio.

Tangu jana mwalimu wa historia alikuwa amewapa zoezi: wa dirishani wawe Marekani, wa mlangoni wawe Urusi, mstari wa chaki katikati, wabishane uhasama wao ulianzaje baada ya vita kuu ya pili. Asubuhi hiyo akaitwa ofisini. Mshonaji alipofika mlangoni, watoto walikuwa wamesimama juu ya madawati.

"Nyie ndio mlioanza!"

"Mlianza nyie! Mmekuwa maadui zetu tangu dunia iumbwe!"

"Tangu lini?" Bintiye ndiye aliyeuliza, sauti kali. "Si walimpiga Mjerumani pamoja? Walikosana kidogokidogo, kila mmoja akimhofia mwenzake. We Kijiti, miaka mitatu tunakaa dawati moja. Leo chaki ndiyo itutenganishe?"

Akanyanyua mguu, akavuka.

"Msaliti!" Kijiti, shoga yake wa chanda na pete, alikuwa ameng'oa mguu wa kiti. Akaushusha juu ya mkono wa mwenzake. Mfupa ukaalika kama ukuni mkavu. Teke likatua mbavuni, jingine mdomoni. Kambi zote mbili zikamvamia aliye katikati, na damu yake ikaufuta mstari.

Mama akajitupa juu yake. Pigo la pili likampata yeye kisogoni.

Kijiti akamtambua, rungu bado mkononi. "Shikamoo, mama."

Kijiti akaliweka rungu chini.

"Tulikuwa tunaigiza tu, mama. Vita baridi haiui mtu."

"Njoo uutazame mkono huu, mwanangu, halafu unirudie maneno hayo."

Ulikuwa mkono wa kuandikia. Siku ya tatu, ukiwa umefungwa plasta, binti alitamka kwa mdomo uliovimba, na mama, mwenye elimu yake ya msingi, akaandika kwa herufi kubwa. Asubuhi akaibandika karatasi mlangoni pa darasa:

Msiseme walikuwa maadui tangu mwanzo. Walipigana upande mmoja.

Msitafute siku moja ulipoanza uhasama. Haipo.

Msimtwike mmoja lawama zote.

Msiseme haukuua. Wengi walikufa, katika nchi za wengine.

Msichore mstari darasani.

Msing'oe miguu ya viti.